Mashine ya mawimbi ya mshtuko: inaponya mishipa ya fahamu au inaitia ganzi tu?

MkonoWaTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, mwaka wa 11 sasa kazini. Nimefungua uzi huu kwa sababu ndani ya mwezi mmoja nimepokea wagonjwa watatu wenye swali lilelile: "Nimesikia kuna mashine ya mawimbi inafufua mishipa ya fahamu, ni kweli?" Wawili wana kisukari na nyayo zimekufa ganzi. Mmoja wao alikuwa ameshalipia vikao 10 mahali fulani kabla mtu yeyote hajamgusa unyayo kumpima. Hilo limeniuma sana, na nadhani wengi humu mna mzazi au jirani aliye kwenye njia hiyohiyo.

Tuanze na mashine yenyewe, maana jina moja linabeba vitu viwili. Mawimbi haya yaliingia hospitalini kupitia figo. Februari 1980, huko Munich, Ujerumani, timu ya Christian Chaussy ilivunja jiwe la figo la mgonjwa wa kwanza bila kumpasua, kwa mashine iliyotengenezwa na Dornier, kampuni ya ndege. Baadaye watu wa mifupa wakayachukua mawimbi hayo, wakapunguza nguvu, wakayaelekeza kwenye kano na visigino. Mwaka 2000 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaruhusu mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa maumivu sugu ya kisigino.

Mashine za ukoo huo hukusanya wimbi likakutana sehemu moja ndani ya mwili, kama lenzi inavyokusanya jua hadi karatasi ikashika moto. Lakini nyingi mnazoziona kwenye vituo vya tiba ya viungo ni za aina nyingine. Kompresa inasukuma hewa, hewa inarusha kipande kidogo cha chuma ndani ya mkono wa mashine, chuma kinagonga kichwa, kichwa kinagonga ngozi. Ta-ta-ta-ta, mapigo 10 hata 15 kwa sekunde. Hapa nguvu kubwa iko palepale kwenye ngozi, na inafifia kadiri unavyozama. Kwa lugha ya fizikia hilo ni wimbi la presha tu, halijafikia kuwa wimbi la mshtuko. Zote mbili zina kazi yake. Ila usisome utafiti wa ile ya kwanza ukamtoza mgonjwa pesa kwa kutumia ya pili.

Sasa neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu. Neva ya mguuni au mkononi ni kamba ya nyuzi nyingi. Nyuzi nene zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, nazo hubeba amri ya misuli na hisia ya kuguswa. Nyembamba, nyingi zikiwa hazina ala, hubeba maumivu na joto, na ncha zake zinaishia juu kabisa kwenye ngozi. Ncha hizo ndizo za kwanza kupata kipigo. Mwaka 2001 Wajapani, Ohtori na wenzake, walipiga mawimbi kwenye ngozi ya panya. Ncha za neva zikaharibika karibu zote, kisha wiki 2 baadaye zikawa zimeota tena. Mwaka 2006 timu yao ilirudia kwa kupiga mara mbili, na safari hiyo kuota kulichelewa zaidi. Mwaka 2008 Hausdorf na wenzake wakaonyesha kwa sungura kwamba waliopigwa karibu na goti walipoteza nyuzi nyembamba zisizo na ala kwenye neva ya paja, zile nene zikabaki.

Someni hapo tena, taratibu. Sehemu ya ile nafuu ambayo mgonjwa anashuka nayo kitandani akitabasamu inatokana na ncha za maumivu kunyamazishwa. Kwa mwenye kisigino kinachomuuma mwaka mzima, hiyo ni baraka. Kwa mwenye kisukari ambaye ncha zake zimeshaanza kufa, je?

Karibuni. Mwenye uzoefu aseme, hata kama unapingana nami.

BintiWaMwanza

Kaka, uzi huu umenikuta nikiwa na risiti mkononi. Mama yangu ana miaka 63, sukari ana nayo tangu 2009. Miguu inamchoma usiku, anasema ni kama amekanyaga makaa, halafu mchana hasikii kandambili ikimvuka. Kliniki moja imetuambia vikao 12, na kwamba "mawimbi yataamsha neva zilizolala". Tumetanguliza nusu. Nifanye nini? Ningependa kujua ukweli hata kama ni mchungu.

MkonoWaTanga

Dada, pole kwa mama. Usiingie naye kwenye kikao cha kwanza kabla hajapimwa hisia za miguu. Kipimo chenyewe hakina gharama: ni kijiti chenye uzi wa nailoni unaopinda ukiukandamiza kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa chini ya kidole gumba, chini ya vidole vingine, kwenye mpira wa unyayo, naye anasema "hapo" kila akihisi.

Wiki iliyopita nilimfanyia bibi mmoja. Alikuwa amefumba macho, ametulia, mikono ipo mapajani. Nikagusa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, uzi unapinda kabisa. Kimya. Nikafika ya nne akaniuliza, "Mwanangu, utaanza saa ngapi?" Mguu wa namna hiyo ukiupigia mashine ya kugonga, hana namna ya kukwambia "hapo umezidisha". Na sisi tunapandisha nguvu kwa kusikiliza kauli ya mgonjwa. Akiumia, hajui. Akitoka malengelenge, hayaoni hadi soksi ilowe.

Kuhusu "kuamsha neva zilizolala": mwaka 2017 FDA iliruhusu mashine moja ya mawimbi, dermaPACE, kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Wauzaji wanaipenda sana habari hiyo. Lakini ruhusa ile ni ya kufunga kidonda, pamoja na matunzo ya kawaida ya kidonda. Haikusema inarudisha hisia.

Mbio_za_Bondeni

Salamu kutoka Eldoret. Mimi ni mkimbiaji, si wa majina makubwa, ila mbio ndizo zinanilisha. Nilipigwa hiyo mashine kwenye kisigino mara tatu, wiki kwa wiki. Na nilipona kwa kweli, sitasema uongo. Lakini baada ya kikao cha pili kisigino kilikuwa kimetulia kabisa, nikaenda kukimbia kilomita 24 kesho yake. Sikusikia kitu. Usiku wa siku ya tatu nilishindwa kukanyaga. Nilidhani mashine imeniharibu. Leo ndiyo naelewa kuwa nilikimbia na kisigino ambacho hakikuwa kinaongea.

MtunzaFarasi_Maskati

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi asili yangu Unguja, kazi yangu ni kutunza farasi huku Omani, mazizi ya farasi wa mbio ndefu. Nimeona alichoandika ndugu wa Eldoret nikasema sipiti kimya.

Huku mashine hii tunaijua zamani, farasi wanapigwa kwenye kano na mgongo. Na kwenye mashindano yaliyo chini ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kuna kanuni: farasi haruhusiwi kupigwa mawimbi ya mshtuko ndani ya siku 5 kabla ya shindano, wala wakati wa shindano. Sababu ni hiyohiyo. Farasi anaweza kuwa na mguu mbovu, ukampiga mashine, maumivu yakafichika, akakimbia juu ya jeraha mpaka mfupa ukavunjika na mpanda farasi juu yake.

Daktari wetu wa mifugo alinieleza kwamba kuna uchunguzi wa 2004 wa neva ya mguu wa farasi, ile iteremkayo karibu na kwato. Walipiga mawimbi yasiyokusanywa, kisha wakapima mwendo wa umeme ndani ya neva. Siku ya 3 na siku ya 7 mwendo ulikuwa umepungua. Walipotazama kwa darubini ya elektroni wakakuta ile ala ya mafuta imevurugika, uzi wenyewe wa ndani ukiwa mzima.

Mnyama amewekewa siku 5 kwa maandishi, naye binadamu anaambiwa "nenda kaendelee na shughuli zako". Mimi hili linanishangaza.

MkonoWaTanga

Sheikh wangu, umenipa kitu ambacho nimekuwa nikikitafutia maneno. Shukrani sana.

Nifafanue hapo kwenye ala, maana ndipo penye hatari na matumaini kwa pamoja. Ala ikivurugika na uzi ukabaki mzima, umeme unasuasua kwa muda, kisha ala inarekebishwa na mambo yanarudi. Seddon, daktari wa upasuaji Mwingereza, aliyapanga majeraha ya neva mwaka 1943, na hilo ndilo daraja jepesi kuliko yote. Uzi wenyewe ukikatika hali inabadilika: sehemu ya mbele yote inakufa na kusafishwa, na uzi mpya unaota kutoka nyuma kwa takriban milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe toka kiunoni hadi kidole cha mguu ujue ni miezi mingapi. Kwa hiyo mtu akikwambia vikao 6 vya wiki 6 vimeotesha neva ya mguu mzima, tumia rula tu kumjibu.

Ndugu wa Eldoret, ninaowapiga kisigino huwa nawazuia mbio na kuruka kwa siku kadhaa kila baada ya kikao. Kutembea sawa.

mzee_wa_hoja

Napinga kidogo. Mke wangu mkono ulikuwa unakufa ganzi usiku, anaamka anaukung'uta kama anakausha nguo. Alipigwa mawimbi kwenye kifundo cha mkono mara tatu, akapata nafuu kubwa. Sasa ukisema mashine inaua neva, yeye imemfufuaje?

MkonoWaTanga

Mzee wangu, pingamizi lako ni la haki kabisa, na sikusema inaua neva moja kwa moja. Shida ya shemeji nadhani ni neva ya kati kubanwa kwenye njia yake nyembamba pale kifundoni: kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete vinakufa ganzi, kile kidole kidogo kinasalimika. Neva ile haijafa, imekabwa. Watafiti wa Taiwan mwaka 2016 walijaribu mashine ya kugonga kwa wagonjwa wa namna hiyo, wote wakivaa kishikizo cha mkono usiku. Waliopigwa mara 3 walipata nafuu zaidi ya waliopigwa mara 1. Inaelekea uvimbe unaoizunguka neva unapungua, inapata nafasi ya kupumua.

Na kuna habari nzuri zaidi, inayonifanya nisiitupe mashine hii. Hausner na wenzake huko Vienna, mwaka 2012, walikata kipande cha milimita 8 cha neva kubwa ya mguu wa panya, wakakishona tena mahali pake. Kundi moja likapigwa mawimbi mara moja tu baada ya upasuaji: mapigo 300, nguvu ya milijuli 0.1 kwa milimita ya mraba. Wiki ya 3 umeme ulikuwa unapita vizuri zaidi kwao, takataka za nyuzi zilizokufa zimeondolewa haraka, nyuzi mpya zenye ala zimejaa zaidi. Mwendo wao nao ukawahi kurudi kuliko wenzao. Baadaye, huko huko Austria, wakaona kwamba seli za Schwann, zile zinazofuma ala, zikitoka kwenye neva iliyopigwa mawimbi zinaota na kuzaliana kwa nguvu zaidi ndani ya chombo cha maabara.

Ila tazama dozi: mapigo 300, mara moja, kwenye neva iliyokatwa na kushonwa, kwa panya. Mashine ya hapa mtaani inapiga mapigo 2000 kwa kikao, mara 12, kwenye neva iliyochoshwa na sukari miaka 15. Mimi siwezi kuchukua ushahidi wa panya yule nikamtoza pesa mama wa Mwanza. Anayeweza, aniambie ameupitisha wapi.

fundi_vifaa_tiba

Niongeze la upande wetu. Mimi natengeneza mashine hospitalini. Hizi za kompresa zina vitu vinavyochakaa: kile kipande cha chuma, mpira wa kuzuia hewa na mrija wake. Vimehesabiwa kwa mapigo, vikifikia idadi vinabadilishwa. Nimefungua mkono wa mashine nikakuta chuma kimechimbika upande mmoja na unga mweusi ndani, huku skrini bado inasema baa 3. Skrini inasoma presha ya hewa inayoingia tu. Kinachotoka kwenye ngozi haikijui.

Na jeli, jamani. Hewa ikibaki kati ya kichwa na ngozi, wimbi linarudi lilikotoka. Ndiyo maana pia hairuhusiwi kuelekezwa kwenye mapafu: penye hewa wimbi linamwaga nguvu yake yote mpakani na tishu inachanika.

MkonoWaTanga

Fundi, hilo la mapafu kila anayepigwa mabegani au mgongoni alijue. Na msisahau penye uvimbe wa saratani, kwa mjamzito karibu na mimba, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Semeni kabla ya kulala kitandani, msisubiri kuulizwa.

cherehani_KK

Mimi ni fundi nguo Kariakoo, nakaa kwenye mashine toka saa mbili asubuhi mpaka giza. Dalili za mke wa mzee hapo juu ndizo zangu, mkono wa kulia. Siku hizi sindano inaniponyoka, na nikitia uzi kwenye tundu naona nashika hewa. Hapa chini ya kidole gumba nyama imebonyea ukilinganisha na mkono mwingine. Na mimi nitafute hiyo mashine?

MkonoWaTanga

Dada, hapana, usianze na mashine. Huko kubonyea kunamaanisha nyuzi za misuli zimeanza kupotea, na hapo muda ni mali. Nenda hospitali ya rufaa uombe kipimo cha mwendo wa umeme kwenye neva, uonane na daktari wa mifupa au wa upasuaji. Upasuaji wa kuifungulia njia neva ile ni mfupi. Ukipoteza miezi 3 kwenye vikao huku maumivu yakipungua, unaweza kudhani unapona kumbe misuli inaondoka kimyakimya. Usiku vaa kishikizo kinachonyoosha kifundo, hiyo anza leo.

mzee_wa_hoja

Nimeelewa, kijana. Mke wangu hana huko kubonyea, nimemwangalia sasa hivi. Na huyo fundi wa Kariakoo asichelewe.

BintiWaMwanza

Narudi na mrejesho baada ya siku tisa.

Tulikwenda kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa. Muuguzi alimpima kwa ule uzi wa nailoni. Mguu wa kulia hakuhisi sehemu nne, wa kushoto mbili. Nilikuwa nimesimama pembeni namwona mama amefumba macho anasubiri, na mimi naona uzi umepinda kwenye unyayo wake. Nilitoka nje kidogo.

Kati ya vidole viwili alikuwa na kidonda kidogo cha kandambili ambacho hakuna aliyekijua nyumbani. Kimesafishwa.

Daktari akauliza ametumia metformin, ile dawa ya sukari, miaka mingapi. Nikasema zaidi ya kumi. Akasema dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao unatia ganzi miguu, hivyo damu imechukuliwa kupimwa. Amepewa dawa ya kutuliza moto wa usiku. Ile kliniki ya mashine imekubali kurudisha sehemu ya pesa.

MkonoWaTanga

Dada, umefanya kazi kubwa. Kidonda kile pekee kinatosha. B12 ikija chini itajazwa, na hapo kuna uwezekano wa kweli wa neva kujikokota kurudi, polepole. Ikija kawaida, kazi ni sukari, viatu vilivyofunika vidole, na kukagua miguu kila jioni. Unyayo umulike kwa tochi ya simu, maana mama hawezi kujiona chini.

Na wengine wenye ganzi msikimbilie kudhani yote ni sukari. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazid aulize kuhusu vitamini B6. Mwenye baka la ngozi lisilosikia kuguswa aende akaangaliwe ukoma: bado upo nchini, na dawa yake ni bure.

Mbio_za_Bondeni

Swali la mwisho kwa ndugu wa Maskati: baada ya hizo siku 5, farasi mnamrudishaje? Anaanza na mbio moja kwa moja?

MtunzaFarasi_Maskati

Hapana. Siku za mwanzo anatembezwa kwa kamba, dakika chache asubuhi, juu ya mchanga laini. Mimi huweka kiganja kwenye mguu wake kila nikimaliza, natafuta joto. Kisha namtembeza palepale kwenye sakafu ngumu nisikilize hatua zake nne. Zikilingana, kesho naongeza. Zikipishana, nasimama.